Uliza Mwalimu wa Kemia: Betri inayosubiriwa imekwama wapi?

Tangu tulipogusia kwa ufupi, katika toleo lililopita, utafiti wa maada za betri za kizazi kijacho, meza ya mhariri imepokea barua nyingi kuliko kawaida. Nimechagua nne. Mbili za mwanzo nitazijibu kwa kirefu, kwa sababu zinauliza jambo ambalo habari za magazetini hulipita haraka.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni dereva wa bajaji, kituo changu kiko Mbagala Rangi Tatu. Ninaendesha bajaji ya mafuta na kila jioni napeleka hesabu kwa tajiri. Nimeweka akiba kidogo, na nimeambiwa ninaweza kupata bajaji ya umeme kwa mkataba. Lakini abiria mmoja amenionya kwamba betri za sasa zinakaribia kupitwa na wakati, kwa kuwa inakuja betri itakayojaa kwa dakika 5 na kudumu miaka 20. Je, nisubiri? Na kama imekwisha kugunduliwa, mbona haifiki madukani?

Marahaba, ndugu yangu. Kama sababu ni hiyo pekee, usisubiri. Abiria wako hakukudanganya, ila habari aliyoisikia ilitoka maabara, na betri ya maabara mara nyingi ni kidude cha ukubwa wa sarafu, chenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, kinachofanana na betri ya rimoti ya gari. Kutoka kidude hicho hadi kwenye sanduku zito lililo chini ya kiti chako ni safari ndefu, na katika safari hiyo ndimo nyingi zinamoishia.

Ili tuelewane, fikiria kivuko cha Magogoni. Betri ya lithi ina ng'ambo mbili. Upande mmoja ni kinywe, kaboni ile ile ya ncha ya penseli, iliyojipanga tabaka kwa tabaka kama kurasa za daftari; upande wa pili ni maada yenye metali na oksijeni, kwa mfano oksidi ya kobalti. Katikati kuna kimiminika kiitwacho elektroliti. Unapochaji, ioni za lithi, yaani atomi zilizopoteza elektroni (chembe ndogo za umeme), huvuka kwa pantoni na kwenda kulala kati ya kurasa za kinywe. Elektroni haziruhusiwi kupanda pantoni; hizo hulazimika kuzunguka kwa barabara, kwa Daraja la Nyerere kule Kurasini, yaani kwa kupitia nyaya. Unapoendesha, safari hugeuka: ioni hurudi kwa pantoni, elektroni hurudi kwa daraja, na ni katika kulipita daraja hilo ndipo zinapoizungusha mota ya bajaji. Utafiti wote unaousikia unahusu vitu vitatu tu: ng'ambo ya huku, ng'ambo ya kule, na maji yaliyo katikati.

Fikra hii si ya jana. Katika miaka ya 1970, M. Stanley Whittingham, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya kampuni ya mafuta nchini Marekani, alionyesha kwamba lithi inaweza kuingia na kutoka katika tabaka za disulfidi ya titani bila kuzibomoa. Mwaka 1980, John B. Goodenough na wenzake huko Oxford walipata oksidi ya kobalti, iliyotoa volti kubwa zaidi, na katika kipindi hicho hicho Rachid Yazami, mwanasayansi wa Morocco aliyekuwa Grenoble nchini Ufaransa, alionyesha kwamba lithi hukubali kuingia na kutoka katika kinywe. Mwaka 1985, Akira Yoshino wa Japani aliunganisha oksidi ya kobalti na kaboni katika betri moja isiyo na metali tupu ya lithi, na mwaka 1991 Sony ikaiingiza sokoni betri ya aina hiyo. Whittingham, Goodenough na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Hesabu mwenyewe: kutoka wazo hadi dukani ilichukua miaka inayokaribia 20.

Kwa nini muda wote huo? Mtafiti huanza na unga. Hupima chumvi za lithi, za manganizi au za chuma kwa mizani inayosoma hadi sehemu ndogo ya miligramu, huzitwanga katika kinu kidogo cha akiki, huziweka tanurini kwa saa nyingi, mara nyingi katika joto linalozidi nyuzi 700, kisha huumulika unga uliopatikana kwa eksirei ili aone kama atomi zimejipanga alivyokusudia. Mara nyingi hazikujipanga, na hurudi kinuni. Zikijipanga, huuchanganya unga huo na masizi laini yanayopitisha umeme pamoja na gundi kidogo mpaka uwe uji mzito mweusi, huupaka kwa wembe mpana juu ya foili ya alumini, huukausha, hukata viduara, na kuviingiza katika sanduku la kioo lililojazwa gesi ya argoni. Mikono huingia humo kwa glavu nene zilizofungwa ukutani, kwa maana maji na oksijeni ndani ya sanduku havitakiwi kuzidi sehemu moja katika milioni. Humo ndimo anamofungia kile kidude cha sarafu. Yeyote aliyeona chumvi inavyolowa ndani ya kopo lake hapa Dar es Salaam wakati wa masika ataelewa kwa nini sanduku hilo ndilo moyo wa maabara.

Kisha huanza kungoja, na hapa ndipo penye jibu la swali lako. Chukua pantoni yenye abiria 10,000. Ikiwa katika kila safari ya kwenda na kurudi wanapotea abiria 10 kwa kila 10,000 waliobaki, mtu atasema chombo ni kizuri, kimefikisha asilimia 99.9. Lakini baada ya safari 1,000 watakuwa wamebaki takriban 3,700. Akipotea mmoja tu kwa kila 10,000 katika kila safari, baada ya safari 1,000 watabaki takriban 9,050. Tofauti ya betri ya kutegemewa na betri ya kutupa imejificha ndani ya chini ya sehemu ya kumi ya asilimia moja, na siku ya kwanza haionekani kabisa. Kidude kinachochajiwa kwa saa 3 na kutumika kwa saa 3 kinahitaji siku 250 kumaliza mizunguko 1,000. Ukibadilisha kiungo kimoja cha uji ule mweusi, unaanza kuhesabu upya.

Kuhusu dakika 5, fanya hesabu nyingine pamoja nami. Tuseme betri ya bajaji inabeba umeme wa yuniti 7. Kuijaza kwa dakika 5 kunahitaji kilowati 84, sawa na kuwasha pasi 84 za kilowati moja kwa mpigo kwenye kibanda kimoja cha kuchajia. Hata laini ya umeme ikimudu, kinywe chenyewe kinaweza kushindwa. Ioni zikisukumwa kwa haraka kuliko kurasa zinavyoweza kuzipokea, hurundikana mlangoni na kugeuka metali ya lithi, na metali hiyo huweza kuota kama miiba myembamba inayotoboa utando wa kutenganisha pande mbili. Pande mbili zikigusana ndani kwa ndani, betri hupata moto.

Watafiti wengine wanajaribu kubadilisha ng'ambo. Silikoni ndiyo inayovutia zaidi: atomi 6 za kaboni katika kinywe hupokea ioni moja tu ya lithi, ilhali atomi 4 za silikoni hupokea 15. Lakini silikoni iliyoshiba lithi huumuka kama donge la unga wa maandazi, hadi kufikia mara 3 na zaidi ya ujazo wake wa awali, na ikisinyaa hupasuka. Ndiyo maana leo huchanganywa kidogo kidogo ndani ya kinywe. Wengine wanataka kuyaondoa maji yenyewe, kwa sababu elektroliti ya kimiminika hushika moto, na mahali pake kuweka kitu yabisi. Mwaka 2011, Ryoji Kanno na wenzake huko Japani walitangaza maada yabisi ya salfa inayopitisha ioni za lithi kwa wepesi unaolingana na wa kimiminika. Ni kazi kubwa, nami naiheshimu. Taabu ni kwamba maada nyingi za kundi hilo zikiguswa na unyevu hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ni sumu. Tena vitu viwili yabisi havishikamani vizuri kama kimiminika kinavyolowesha kila pembe.

Kwa hiyo kabla ya kutia saini mkataba, mwulize mwenye bajaji betri ni ya kemia gani, imedhaminiwa kwa mizunguko mingapi, na uwezo wake ukishuka ni nani atakayeibadilisha. Majibu ya maswali hayo yataugusa mfuko wako kuliko habari ya ugunduzi wowote wa mwaka huu.

Mwalimu, shikamoo. Nasoma kemia mwaka wa pili hapa Mlimani. Nimesoma kwamba kompyuta iliwahi kuchambua mamilioni ya maada za betri kwa siku chache, nikajiuliza kama kazi ya mtu wa kinu na tanuri imekwisha. Pia naona sodiamu inatajwa sana. Kama ni nzuri hivyo, kwa nini haikutangulia?

Marahaba, mwanangu. Kazi uliyosoma ni ile iliyotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2024 na Microsoft pamoja na maabara ya taifa ya Pacific Northwest ya Marekani. Kompyuta zilianza na maada zaidi ya milioni 32 za kukisiwa, zikazichuja kwa saa zipatazo 80 mpaka zikabaki 18. Tazama kilichofuata: watu wenye mikono walilazimika kuioka moja kati ya hizo, elektroliti yabisi inayochanganya lithi na sodiamu, kuifunga katika betri na kuijaribu. Kompyuta inaweza kukuambia kwamba mpangilio fulani wa atomi hautavunjika na kwamba ioni zitapata njia ya kupita. Haikuambii kwa uhakika kama unga utakubali kutoka tanurini ukiwa safi, wala abiria wangapi watapotea katika safari ya 800. Milango imekuwa michache ya kubisha, lakini kubisha bado ni kwa mkono.

Sodiamu ilianza kuchunguzwa karibu wakati mmoja na lithi, ikashindwa kwa sababu ambazo wewe unaweza kuzisoma kwenye jedwali la elementi. Atomi yake ina uzito wa 23, ya lithi 7. Ioni yake ni pana zaidi, na volti inayotoa ni pungufu kwa takriban 0.3. Kubwa kuliko yote, kinywe hukataa kuipokea kwa kiasi cha maana. Kwa simu inayobebwa mfukoni, ambako kila gramu huhesabiwa, lithi ilishinda bila ubishi.

Mlango ulifunguka mwaka 2000, pale Stevens na Dahn wa Kanada walipounguza glukosi, sukari ya kawaida kabisa, katika joto kali pasipo hewa, wakapata kaboni ngumu inayohifadhi sodiamu kwa kiasi kinachokaribia kile cha lithi ndani ya kinywe. Kurasa za kaboni hiyo hazikupangika; ni kama daftari lililochanwa na kurundikwa ovyo, na katika nafasi zilizobaki kati ya vipande ndimo ioni pana za sodiamu zinamopata mahali. Tangu hapo watafiti wameunguza karibu kila kitu cha mimea, vikiwemo vifuu vya nazi. Nenda Kariakoo asubuhi, mahali wanapokuna nazi, uokote kifuu kimoja ukivunje: ona kilivyo kizito na kigumu, chenye nyuzi zilizobanana. Kioshe kwa asidi ili potasiamu na majivu mengine yatoke, kiunguze ndani ya gesi ya argoni au naitrojeni kwenye nyuzi 1,000 na zaidi, na utakuwa umeshika malighafi ambayo viwanda vya betri huilipia fedha. Ninaliandika hili kwa furaha ya kweli, kwa sababu nimewafundisha vijana wengi wa pwani waliodhani kwamba kemia ni ya nchi za mbali.

Faida nyingine huwapendeza wahasibu. Lithi huungana na alumini na kuiharibu, hivyo upande wa kinywe huhitaji foili ya shaba, ambayo ni ghali na nzito. Sodiamu haina tabia hiyo, kwa hiyo alumini hutosha pande zote mbili, na betri yenyewe huweza kusafirishwa ikiwa imeishiwa chaji kabisa, jambo linalopunguza hatari ya moto melini. Mwaka 2021, kampuni ya betri ya CATL ya China ilitangaza betri ya sodiamu yenye saa-wati 160 kwa kila kilo, wakati za lithi zenye nikeli nyingi hupita 250. Kwa gari la safari ya Dodoma huo ni upungufu mkubwa. Kwa sanduku linalokaa chini uani likihifadhi umeme wa jua, uzito si hoja.

Wapo wanaosema kwamba, kwa kuwa sodiamu ya betri hutokana na magadi, basi Ziwa Natron ndilo hazina yetu ijayo. Mimi siungi mkono. Ziwa hilo ndilo mazalia makuu ya heroe wadogo katika Afrika Mashariki, na magadi yanaweza kutengenezwa kiwandani kwa chumvi ya kawaida na mawe ya chokaa, vitu ambavyo pwani yetu haikunyimwa.

Mwalimu, salaam. Mimi ni mama wa nyumbani na mfanyabiashara wa juisi na barafu huku Kigamboni. Natumia umeme wa jua, na betri yangu ya maji imekufa baada ya miaka 2. Muuzaji ananisihi ninunue ya lithi kwa bei inayozidi mara mbili. Je, ni kweli inadumu, na joto letu halitaiua?

Salaam mama yangu, na pole kwa hasara. Ukiwa na fedha, muuzaji amekuambia kweli, mradi betri hiyo iwe ya fosfati ya chuma. Hii ni maada nyingine iliyotoka mikononi mwa Goodenough na wanafunzi wake, safari hii huko Texas, ikachapishwa mwaka 1997. Haina kobalti wala nikeli, na oksijeni yake imefungwa imara na fosfori, kwa hiyo haiachiliwi kirahisi betri inapopata joto. Seli moja hutoa volti 3.2, hivyo nne zikifuatana hupata 12.8, karibu sawa na betri uliyoizoea. Betri ya risasi, ndiyo hiyo ya maji, ikikamuliwa mpaka chini kila usiku huisha baada ya mizunguko mia kadhaa tu, na nadhani ndicho kilichoiua ya kwako. Ya fosfati ya chuma iliyotengenezwa vizuri huhesabiwa kwa maelfu.

Joto ni adui wa zote. Usiiweke chini ya bati wala karibu na friji inapotolea joto, na usiichaji ikiwa imepita nyuzi 45. Sisi watoto wa zamani tulikuwa tukianika betri za redio juani ili zipate uhai wa siku mbili zaidi; tabia hiyo ikifanyiwa betri ya lithi huizeesha, na huweza kuleta balaa. Hakikisha fundi amebadilisha mpangilio wa kontrola, kifaa kinachosimamia uchaji, kwa kuwa iliyowekwa kwa ajili ya betri ya maji huweza kuizidishia volti. Na ile iliyokufa usimpe kijana wa mtaani aipasue na kuyeyusha risasi yake uani: mvuke na vumbi la risasi huingia katika damu ya watoto na kudhuru akili zao.

Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni wakala wa forodha, ofisi yangu iko Kurasini. Kila siku naona malori yakishusha shaba na kobalti kutoka Kongo. Nasikia wanasayansi wanataka kuiondoa kobalti kabisa. Je, mzigo huo utakoma? Na kinywe chetu cha Mahenge kina nafasi gani?

Ndugu wakala, ni kweli wanataka kuipunguza, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa katika nchi moja, bei yake hupanda na kushuka bila ishara, na katika baadhi ya machimbo ya Lualaba watu huingia mashimoni kwa mikono mitupu, hata watoto. Mwanzo nikeli, manganizi na kobalti ziliwekwa kwa mafungu sawa. Baadaye yakawa mafungu 8 ya nikeli kwa moja la manganizi na moja la kobalti, na betri za fosfati ya chuma hazitumii hata chembe. Lakini kobalti ya Kongo hutoka pamoja na shaba, na shaba hakuna anayepanga kuiacha. Malori yako yataendelea kuja.

Kinywe kina nafasi nzuri kwa sasa. Betri nyingi za lithi zina kinywe kingi kuliko lithi yenyewe, na tunacho Mahenge na Ruangwa, kama tulivyo na nikeli ya Kabanga kule Ngara. Jambo la kuangaliwa ni kwamba kaboni ngumu ya sodiamu haihitaji kinywe hata kidogo, kwa hiyo betri za sodiamu zikienea, mnunuzi atakuwa na pa kukimbilia. Pia kinywe cha mgodini si kinywe cha betri. Vipande vyake bapa husagwa na kuviringishwa viwe kama punje za ulezi, na sehemu kubwa hupotea kama vumbi. Kisha husafishwa mpaka kufikia asilimia 99.95, na kila punje hupakwa ganda jembamba la kaboni. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa kabisa hufanyika China. Atakayetaka kuifanya hapa ajue kwamba mnunuzi wa viwango hivyo haridhiki na cheti cha mgodi: huchukua sampuli, huipaka juu ya foili ya shaba, huifunga ndani ya kidude kile kile cha milimita 20, kisha hukichaji na kukitumia kwa miezi, akihesabu waliopotea katika kila safari, ndipo azungumze bei.